Mungu Hahitaji Uongo Wetu

Masomo: Ayubu 13:1-12, 1 Petro 3:13-17

Karibuni tuketi pamoja dakika hizi chache mbele ya Neno la Mungu. Wenye Biblia karibu na wafungue Kitabu cha Ayubu, mlango wa kumi na tatu.

Twamjua Ayubu. Alipoteza mali, akapoteza watoto, akaketi majivuni akijikuna kwa kigae. Rafiki zake watatu walikuja kumfariji, lakini walipomsikia akimwuliza Mungu maswali mazito waliingiwa na hofu. Waliona ni wajibu wao kumtetea Mungu. Basi wakatafuta sababu: bila shaka Ayubu ametenda dhambi, bila shaka kuna jambo analificha. Hawakuwa na ushahidi wo wote. Walitaka tu Mungu aonekane kuwa na haki. Ndipo Ayubu, katika aya ya saba, akawauliza kama ni vema kusema yasiyo kweli kwa ajili ya Mungu na kumtetea kwa hila.

Na mwisho wa habari ni nini? Twaambiwa katika mlango wa 42 kwamba Mungu aliwakasirikia watetezi wake, akasema ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa. Tazameni jambo hilo la ajabu! Mwenye maswali alikubaliwa, nao watetezi ndio waliohitaji kuombewa.

Ndugu zetu, leo twataka kulipima swali hili la Ayubu kwa habari za watu wasio wa kundi letu. Hao ni Wamormoni, ambao jina kamili la kanisa lao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1830, na makao yake makuu yako Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Si watu wa mbali tena. Kitabu cha Mormoni kimechapwa kwa Kiswahili, na mwaka 2025 hekalu lao liliwekwa wakfu jijini Nairobi. Mafundisho yao si sawa na yetu. Wao hukubali vitabu vingine vya Maandiko zaidi ya Biblia, na wamfundisha Mungu kwa namna ambayo makanisa yetu hayaikubali. Hatuwezi kulificha hilo. Lakini leo hatukuja kuwashtaki. Twataka kutazama jinsi walivyoitetea imani yao mbele ya wasomi na mbele ya dunia yote, kwa maana yaliyowapata wao yaja mlangoni petu sisi pia. Tutajifunza mambo matatu.

Jambo la kwanza: anayetaka kujibu na ajifunze kwanza.

Miongoni mwa Wamormoni kulikuwa na mwalimu mmoja, Hugh Nibley, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Brigham Young mjini Provo, Utah. Alizaliwa mwaka 1910 akafa mwaka 2005. Alisoma lugha nyingi za kale ili awajibu waliosema imani yake ni ya wajinga. Hata alipokuwa amepita miaka hamsini alikwenda Chicago kusoma Kimisri cha kale kwa Klaus Baer, mtaalamu ambaye hakuwa Mmormoni. Wengine walimfuata. Mwaka 1979 mwanasheria John Welch alianzisha shirika la kuchunguza mambo ya kale kwa ajili ya Kitabu cha Mormoni, na mwaka 1997 shirika hilo likafanywa kuwa sehemu ya chuo hicho cha Provo. Mwaka huo huo wa 1997, watu wa kawaida waliokuwa wakijibishana na wapinzani wao kwenye intaneti waliungana, wakaanzisha chama chao cha kutetea imani, kinachojulikana kwa jina la FAIR. Hawakuwa wachungaji wala maaskofu. Walikuwa watu wenye kazi zao, waliokesha usiku wakitafuta majibu.

Je, Wakristo wa Kiinjili wa Marekani walifanya nini wakati huo? Mwaka 1998 vijana wawili wasomi wa Kiinjili, Carl Mosser na Paul Owen, waliandika makala iliyowashtua wengi. Walisema kwamba wasomi wa Kimormoni wamefanya kazi kubwa, nasi Wakristo hatuisomi. Twarudia hoja za zamani zilizokwisha jibiwa, kisha twajidhania tumeshinda. Wawili hao hawakuwa wakiusifu Umormoni, hata kidogo. Waliwaonya ndugu zao wasipigane na adui wa kufikirika.

Mithali 18:13 yafundisha kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu. Ni mara ngapi mhubiri husimama mimbarani akawataja watu wa dini nyingine, naye hajapata kusoma hata ukurasa mmoja wa maandishi yao? Mtu wa dini ile akiketi kanisani siku hiyo, na kumsikia akisema lisilo kweli juu yao, je, atamwamini atakaposema habari za msalaba?

Jambo la pili: lililofichwa hutoka, na likitokea kwa mlango wa nyuma huumiza zaidi.

Mwaka 1945 Fawn Brodie, mwanamke aliyezaliwa katika jamaa mashuhuri ya Kimormoni, alitoa kitabu juu ya maisha ya Joseph Smith. Alieleza mambo ambayo waumini wengi hawakuwahi kufundishwa, kama vile wingi wa wake zake. Mwaka uliofuata Nibley alimjibu kwa kijitabu ambacho hata jina lake lilikuwa na dhihaka, na mwaka huo huo Brodie alitengwa na kanisa. Mwaka 1993, katika mwezi wa Septemba peke yake, waandishi na wasomi sita waliadhibiwa na kanisa hilo, watano kati yao wakatengwa kabisa. Mmoja wao alikuwa mwanahistoria Michael Quinn, aliyewahi kufundisha katika chuo cha Provo.

Lakini swali halifukuziki kwa kumfukuza mwenye kuuliza. Intaneti ilipoingia nyumbani mwa watu, yale yaliyokuwa yakijulikana na wasomi wachache yakajulikana na kila mtu. Huko Sweden kulikuwa na Hans Mattsson, mtu aliyezaliwa katika kanisa hilo, ambaye alipata kuwa mmoja wa viongozi wake katika Ulaya. Waumini walimletea maswali waliyoyakuta kwenye intaneti, naye hakuwa na majibu. Aliwaendea wakubwa wake, asiridhike. Mwaka 2013 alilieleza gazeti la New York Times jinsi imani yake ilivyotikisika. Fikirini uchungu wa mzee kama huyo, ambaye kwa miaka mingi aliwafundisha wengine, akijiuliza kwa nini yeye mwenyewe hakufundishwa.

Kuanzia mwaka huo wa 2013 hadi 2015, kanisa hilo lenyewe lilitoa makala kadhaa za kueleza wazi mambo magumu. Moja ilihusu kitabu kiitwacho Kitabu cha Ibrahimu. Mwaka 1835 Joseph Smith na wenzake walinunua maiti za Wamisri wa kale pamoja na maandishi ya mafunjo, naye akatoa kitabu alichosema ni maandiko ya Ibrahimu. Watu walidhani mafunjo yale yaliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871. Kumbe vipande vyake vilikuwako katika jumba la makumbusho la New York, na mwaka 1967 vilirudishwa kwa kanisa hilo. Wataalamu walipovisoma, walikuta ni maandishi ya mazishi ya Wamisri. Watetezi waliandika vitabu vingi kueleza jambo hilo, wengine wakisema sehemu yenye habari za Ibrahimu ilipotea, wengine wakisema vinginevyo. Makala ya mwaka 2014 ilikubali wazi kwamba maandishi ya vipande hivyo hayalingani na kitabu kile.

Makala nyingine yatugusa sisi Waafrika. Tangu karne ya kumi na tisa hadi mwezi wa Juni 1978, wanaume wenye asili ya Kiafrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, watetezi walitoa sababu. Wengine walisema ni laana ya Kaini. Wengine walisema ni kwa ajili ya mambo yaliyotendwa na roho zetu kabla hatujazaliwa. Walidhani wanamtetea Mungu, kama rafiki za Ayubu. Mwishoni mwa mwaka 2013 kanisa lenyewe lilizikana sababu hizo zote. Je, ni watu wangapi waliokwisha kufa wakizisadiki? Ni Mwafrika yupi aliyezisikia akarudi nyumbani ameinamisha kichwa? Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Si wote waliochagua kuficha. Richard Bushman, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Columbia na mwumini wa kanisa hilo, alitoa mwaka 2005 kitabu kikubwa juu ya Joseph Smith, akaeleza pia mambo yasiyopendeza, naye akabaki katika imani yake. Baadaye chuo cha Claremont, California, kisicho cha Wamormoni, kilimpa nafasi ya kufundisha habari hizo. Na kanisa lenyewe lilianza kuchapa hati zote za Joseph Smith, mabuku 27, kazi iliyokamilika mwaka 2023. Lakini njia hii nayo ilileta mvutano. Mwaka 2012, katika chuo cha Provo, Daniel Peterson, mtetezi mashuhuri aliyekuwa mhariri wa jarida lao kwa miaka mingi, aliondolewa katika kazi hiyo, kwa kuwa wakuu wa taasisi walitaka jarida la uchunguzi wa kielimu zaidi kuliko la kujibu wapinzani. Yeye na wenzake walianzisha jarida lingine mwaka huo huo. Wengine wasema, tusipowajibu wapinzani vijana watapotea. Wengine wasema, tukiandika kwa kusudi la kushinda tu, hakuna msomi atakayetuamini. Ndugu, swali hilo ni letu pia, maana kila kanisa lenye chuo litalikuta.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa: usikubali silaha ya uongo, hata ikikupa ushindi.

Katika miaka ya 1980, Mark Hofmann wa Salt Lake City alikuwa akiuza hati za kale. Moja ilikuwa barua iliyosemekana iliandikwa mwaka 1830 na rafiki wa Joseph Smith. Barua hiyo ilisimulia kwamba mabamba ya dhahabu, ambayo Wamormoni huamini ndiyo asili ya Kitabu cha Mormoni, yalilindwa na salamanda mweupe, mnyama mfano wa mjusi, aliyegeuka kuwa roho. Habari ilienea mwaka 1984. Ilikuwa aibu kubwa kwa kanisa lile. Watetezi walianza kutafuta maelezo, na mwezi wa Agosti 1985 mmoja wa viongozi wakubwa aliwaeleza walimu wa dini kwamba neno hilo salamanda laweza kuwa na maana nyingine. Walikuwa wakieleza kwa bidii jambo ambalo halikuwapo.

Na wapinzani wao je? Wengi walifurahi. Lakini mmoja hakufurahi. Huyo ni Jerald Tanner. Alizaliwa Mmormoni, akatoka akawa Mkristo wa Kiinjili, na pamoja na mkewe Sandra alitumia maisha yake kuchapa maandishi ya kuupinga Umormoni. Hakuna aliyeihitaji barua ile kuliko yeye! Lakini alipoisoma aliona maneno yake yafanana mno na kitabu cha wapinzani kilichochapwa mwaka 1834. Akashuku. Hata Sandra mwanzoni hakukubaliana naye. Hata hivyo mwaka 1984, katika gazeti lake mwenyewe, aliwaambia watu wazi kwamba ana mashaka juu ya barua hiyo. Wengine waliokuwa upande wake hawakuelewa kwa nini anaivunja silaha iliyotolewa kwa mkono wao.

Mwezi wa Oktoba 1985 mabomu yalilipuka Salt Lake City, watu wawili wakauawa. Ilijulikana kwamba Hofmann ndiye aliyeyatega, kwa hofu ya kugunduliwa, na kwamba barua ile aliighushi yeye mwenyewe. Alikiri makosa mahakamani mwaka 1987, akafungwa maisha. Wataalamu wa hati walikuwa wamedanganywa, na viongozi wa kanisa pia. Lakini yule mpinzani aliyempenda Mungu kuliko ushindi alikuwa ameiona hila mapema.

Wapendwa, huo ndio utetezi wa imani. Tanner hakuacha kuamini kwamba Umormoni umekosea. Lakini alijua amri ya Kutoka 20:16, ya kutomshuhudia jirani uongo, haikuwekewa mpaka. Haisemi jirani wa kanisa lako tu.

Miaka ishirini baadaye, mwezi wa Novemba 2004, Richard Mouw, mkuu wa seminari ya Fuller ya California, alisimama katika jumba kubwa la ibada la Wamormoni huko Salt Lake City. Mbele ya mkutano mkubwa alikiri kwamba Wakristo wa Kiinjili wamewatendea dhambi Wamormoni kwa kusema juu yao mambo yasiyo kweli. Wakristo wengi walimlaumu. Lakini twauliza: ikiwa ni kweli tumemshuhudia mtu uongo, ni nini tena cha kufanya ila kukiri?

Basi na tujitazame sisi wenyewe. Ni rahisi kuuona ufa katika ukuta wa jirani. Kijana wetu wa kidato cha nne ana simu mkononi. Usiku, watu wote wamelala, asoma humo kwamba aya kumi na mbili za mwisho za Injili ya Marko hazimo katika nakala mbili za kale zenye sifa kubwa. Ni kweli, hazimo. Asoma kwamba Martin Luther, mwaka 1543, aliandika maneno mabaya sana juu ya Wayahudi. Ni kweli, aliyaandika. Asoma kwamba Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao mwaka 1845 kwa ajili ya kutetea utumwa, wakaja kuomba msamaha mwaka 1995. Ni kweli. Asubuhi amwendea mzee wa kanisa na kumwuliza. Mzee amjibu nini? Akisema, "Huo ni uongo wa Shetani," kijana atajua kwamba mzee ama hajui, ama aficha. Na siku ile atakapomwambia kwamba Kristo amefufuka, kijana atakumbuka jibu lile.

Lakini mzee akisema, "Naam, mwanangu, ni kweli, keti tuzungumze," hapo pana mlango. Biblia yenyewe yatufundisha njia hiyo. Haikuficha uzinzi wa Daudi. Haikuficha Petro kumkana Bwana wake. Maandiko yaliyotoka kwa Mungu hayaogopi kusema ukweli juu ya watumishi wa Mungu. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 4:2, asema kwamba ameyakataa mambo ya siri yenye aibu, hatumii hila, bali aidhihirisha kweli mbele ya dhamiri za watu.

Yatupasa basi tufanye nini? Mchungaji asiwafiche waumini historia ya kanisa lake, bali awafundishe yeye mwenyewe, kwa upole, kabla hawajaisikia kwa mwenye kudhihaki. Mzazi asimkemee mtoto anayeuliza. Kama hajui, na aseme, "Sijui, tutafute pamoja." Nasi sote, tukipokea katika simu habari ya kuwaaibisha watu wa dini nyingine, tusiipeleke mbele kabla ya kuipima, hasa ikiwa yatufurahisha. Habari inayotupendeza mno ndiyo ya kupimwa mara mbili. Na Mmormoni, au mtu ye yote, akibisha mlangoni, tumpe kiti na chai, tumsikilize, kisha tumshuhudie tumaini letu kwa upole na kwa hofu, kama Petro alivyotuagiza.

Bwana wetu alisema kwamba yeye ndiye kweli. Aliye kweli hawezi kutumikiwa kwa uongo, kama vile taa haiwashwi kwa maji. Tusiogope. Kilichojengwa juu yake hakitaangushwa na swali la mtoto, wala na kitabu cha msomi, wala na maneno yote yaliyomo katika intaneti.

Na tuombe. Ee Mungu wa kweli, utusamehe pale tulipokutetea kwa maneno yasiyo kweli. Utupe masikio ya kusikia kabla ya kujibu. Uwatazame vijana wetu wanaouliza usiku peke yao, uwape wazee wasiowaogopa. Uwabariki jirani zetu tusioafikiana nao, utupe kuwapenda bila kuficha imani yetu. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.